Vilima Viwili kwenye Ramani ya Zamani

Ekseli ilikatika saa nne asubuhi, katikati ya korongo ambalo kwenye ramani lilikuwa na daraja. Gari lilitumbukia kwa mbele, likapiga jiwe, na dumu la maji lililokuwa nyuma likapasuka. Walipofanikiwa kufungua milango, mchanga ulikuwa umeshakunywa lita ishirini.

"Daraja liko wapi?" kaka mtu akauliza.

"Lilikuwepo," mdogo wake akajibu. "Miaka sabini iliyopita."

"Basi tungekuja miaka sabini iliyopita."

Kaka alikuwa fundi magari, na gereji nzima ilimwita Spana. Mdogo wake alikuwa karani wa chumba cha ramani, ofisi ambayo watu wengi waliingia kwa bahati mbaya wakitafuta choo. Humo, kwenye droo ya chini kabisa, alikuta karatasi ya zamani yenye kijiji alichozaliwa mama yao: nyumba kumi na mbili ndogo kama punje za mchele, na nukta ya buluu ya kisima. Watu walikihama mama akiwa bado binti mdogo, na ramani mpya hazikitaji kabisa. Mama alitaka picha ya kaburi la baba yake, basi. Wakatoa nakala ya ramani, wakachukua dira, wakaaga kwamba watarudi baada ya siku tano.

Spana aliinua gari kwa jeki, akaingia chini, akaanza kuitukana springi. Jeki ikateleza mchangani. Chuma kikashuka na kumchana mguu kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo.

Mdogo wake alimvuta kwa mabega, akararua mkono wa shati lake mwenyewe, akaufunga mguu kwa nguvu zote.

"Mfupa umeonekana?"

"Hapana. Usiangalie."

"Kama haujaonekana, mbona unanikataza kuangalia?"

Walibakiwa na lita tatu za maji. Barabara kuu ilikuwa kilomita arobaini na mbili nyuma yao. Simu hazikushika mtandao. Kisima cha kwenye ramani kilikuwa mbele, kilomita kumi na nne.

"Kuna watu huko?"

"Sijui. Lakini kimewekewa alama ya maji ya mwaka mzima. Watu wanahama, kaka. Kisima hakihami."

Spana alitazama mguu wake, kisha gari, kisha jua. "Nikatie fimbo," akasema.

Waliondoka jua lilipopoa. Upepo ulikuwa umetimua vumbi siku nzima, na anga lote lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa. Hawakuona mlima wala kilima. Karani alifuata dira tu. Alisoma pembeni mwa ramani maelezo yanayosema sindano ya dira imepotoka kwa digrii ngapi kutoka kaskazini halisi, akatoa, akajumlisha, akachagua kichaka mbele, wakakiendea. Kisha kichaka kingine. Giza lilipoingia walilala palepale walipokuwa, na alfajiri wakaendelea. Kila baada ya hatua mia mbili Spana alikaa. Baadaye ikawa kila hatua hamsini. Kitambaa cha mguuni kiligeuka cheusi na kuanza kunuka.

Saa saba mchana wakafika. Kulikuwa na majani makavu, vichuguu viwili na mawe yaliyotawanyika. Kisima hakikuwepo.

Karani alizunguka. Alipekua kila kichaka, akapiga ardhi kwa fimbo, akapiga magoti na kuchimba kwa mikono hadi kucha mbili zikang'oka. Chini palikuwa pakavu kama unga. Jioni waligawana maji ya mwisho kwa kifuniko cha chupa, na ulimi wa Spana ulikuwa umevimba kiasi kwamba maneno yalitoka yamepondeka.

"Nenda peke yako."

"Niende wapi?"

Spana alilala na homa, akiita watu wa gereji wamletee ufunguo namba kumi na saba.

Alfajiri ya siku ya tatu upepo ulikufa na vumbi likatua. Karani aliinua kichwa akaona vilima viwili, vyeusi, vilivyochongeka vizuri kwenye mwanga: kimoja kipana chenye kilele bapa, kingine cha nyuma yake kimesimama kulia, chembamba kama pembe. Akaikunjua ramani. Mistari ya mwinuko ilivionyesha vyote viwili. Akalaza ukingo wa fimbo kutoka kwenye nukta ya buluu. Ulipita katikati ya kile bapa, ukaenda moja kwa moja hadi kwenye ile pembe.

Mtu aliyesimama kisimani hawezi kuiona pembe. Kilima bapa kinaificha.

Hapo ndipo alipoelewa. Sindano ya dira haipotoki kiasi kilekile miaka yote. Alikuwa ametumia hesabu ya miaka sabini iliyopita kana kwamba imeandikwa jana, yeye ambaye kazi yake ni ramani.

"Kaka, ni mimi," akamwambia sikioni. "Nimekosea. Nimetupeleka pembeni."

Spana alifungua jicho moja. "Mara ngapi nimesahau kukaza nati?" akanong'ona. "Kaza sasa."

Karani alimwekea kofia usoni, akaenda kushoto, jua likiwa mgongoni. Alirarua shati vipande vipande, akawa anafunga kimoja kwenye kichaka kila baada ya hatua mia ili aweze kurudi. Alianguka mara tatu. Mara ya tatu alilala kifudifudi na kuona raha, na raha hiyo ikamwogofya, akainuka. Upande wake wa kulia pembe ilikuwa ikisogea taratibu, ikaligusa bega la kilima bapa, ikaingia nusu, ikatoweka.

Alisimama. Hatua thelathini mbele yake palikuwa na duara la mawe, na kando yake wanawake wawili wakinywesha punda.

"Wewe! Umetokea wapi hivyo?" mmoja akauliza, akivua mtandio wake na kumfunika mabega.

Aliwashika mikono, akaonyesha vitambaa vichakani.

Walimkuta Spana ametulia mno. Karani alichovya kitambaa kwenye ndoo, akakikamua kati ya midomo yake. Maji yakatiririka shavuni. Akakamua tena. "Kaka." Tena. "Kaka, meza!" Wanawake wale walianza kutazamana. Kisha koo likapanda, likashuka.

Mama alipata picha yake ya kaburi. Mguu ulipona, ingawa Spana alibaki akichechemea kidogo, na akaacha kabisa kuwatukana wanagereji kwa makosa yao. Karani alirudi kwenye chumba chake cha ramani. Miezi mingi baadaye waliingia mume na mke wenye viatu vipya vya safari, wakaomba nakala ya karatasi ya zamani. Walitaka kutembea mashambani, kujionea tu.

Zamani angewapigia muhuri na kuwaaga. Sasa alivuta viti viwili, akaitandaza karatasi mezani, akachukua kalamu nyekundu.

"Kaeni kwanza," akasema. "Maji mnabeba kiasi gani?"