Pumzi ya Pili Kitanda cha Dirishani

Bibi wa kitanda cha dirishani alipumua vizuri kila alipotazamwa, na hilo ndilo lililokaribia kumtia muuguzi wazimu.

Daktari alikwisha kumpima mara mbili. Alimwekea kifaa chake cha kusikilizia mgongoni na ubavuni, akasikia mapafu safi, akaagiza bibi arudishwe nyumbani jioni. Muuguzi akaeleza tena kwamba alfajiri midomo ya bibi ilikuwa ya buluu, na mbavu zilizama kila alipovuta hewa. Daktari akamwambia kwa upole kwamba amechoka, apate usingizi. Muuguzi akameza hasira zake. Alijua fika kwamba bibi akienda nyumbani na ile hali hafiki kesho, na hakuna aliyetaka kumsikia.

Basi akafanya kama alivyozoea. Akamshika bibi kifundo cha mkono kana kwamba anapima mapigo, macho kwenye saa, kumbe anahesabu pumzi. Mgonjwa akijua pumzi zake zinahesabiwa huzibadilisha, ndiyo maana wauguzi humzuga.

Kwa pembe ya jicho akaona kifua kinapanda, kinashuka. Halafu, kifua kikiwa kimetulia tuli, akasikia pumzi nyingine ikivutwa, nzito, yenye kukwaruza, na harufu ya nywele zilizoungua ikatanda, na blanketi la bibi likabonyea katikati kama kiti kilichokaliwa, likazidi kubonyea hadi mbavu zikazama na midomo ikaanza kugeuka rangi, mchana kweupe, wagonjwa wengine wakiendelea kula chakula chao.

"Unamwona, mwanangu?" bibi akanong'ona.

"Namsikia, bibi."

"Daktari akija huteremka chini ya kitanda, akanyamaza."

Muuguzi aliogopa. Lakini maudhi ya wiki nzima yalikuwa yamemfika shingoni, na hapo hata jini angeambiwa ukweli wake. Akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Nimeshakugundua. Mwache bibi wa watu. Katafute kifua kingine."

Blanketi likanyooka. Harufu ikakatika. Bibi akavuta pumzi ndefu, machozi yakamtoka kwa raha.

Jioni bibi alitoka kwa miguu yake. Daktari akapita akasema, "Sista, si nilikuambia?" Muuguzi akaendelea kutandua kitanda cha dirishani.

Akaingia chumba cha wauguzi, akafunga mlango, akajitupa kitini peke yake na kufumba macho. Ndipo alipohisi vidole vya baridi vikimzunguka kifundo cha mkono, taratibu, kimoja kikipapasa kutafuta mshipa. Havikumbana. Vilimshika tu, kwa utulivu wa mtu anayeijua kazi, huku harufu ya nywele zilizoungua ikipanda, naye akabana pumzi, kwa sababu alijua kuliko mtu yeyote kwamba anayekushika mkono namna ile hahesabu mapigo.