Usininong'oneze

"Fundi, mbona umenyamaza? Au habari hujaifurahia?"

Fundi alikuwa ameibana simu kwa bega, mikono iko kwenye cherehani. Alikuwa anashona mfuko wa shati la shule.

"Nimefurahi, Mwalimu. Mashine tu ilinisumbua."

Mashine haikumsumbua. Alipoinua shati aliona ameushona mfuko ukaziba hata juu, na hata kidole hakipiti.

"Basi sikia vizuri. Jumatatu tunafungua shule. Watoto wanarudi madarasani, mambo ya kusomea kwenye simu yameisha. Mkuu wa shule anataka wazazi waone kwamba watoto hawakukaa bure. Nimemtaja Chiriku. Atasoma ile hadithi ya mbuzi mbele ya watu wote."

"Chiriku wetu?"

"Mwingine yupi? Darasa la pili zima hakuna anayesoma kama yeye. Na mama atakuwepo."

"Mama yupi?"

"Mama yangu mzazi. Nimemwambia aje amwone huyo mtoto, na amwone aliyemfundisha." Mwalimu alicheka taratibu, kama mtu anayejichekea peke yake. "Nikwambie kitu? Mimi sikukupendea sura. Sura niliikuta baadaye. Nilipenda uvumilivu wako. Mtu unashona mchana kutwa, jioni unakaa na mtoto wa dada yako, neno kwa neno, mpaka asome. Nani anafanya hivyo siku hizi?"

Fundi alishika wembe, akaanza kuufumua ule mfuko.

"Mteja kaingia, Mwalimu. Nitakupigia."

Hakukuwa na mteja. Kulikuwa na rundo la sare za kushusha pindo, maana watoto wa mtaa mzima walikuwa wamerefuka nyumbani na kila gauni limegeuka blauzi. Na chini ya meza ya kukatia alikaa Chiriku mwenyewe, akiongea na vifungo.

Mtoto huyo aliachwa na marehemu dada yake Fundi, angali ananyonya. Jina la Chiriku alipewa na majirani kwa sababu ya mdomo usiopumzika.

"Mwanangu, njoo. Leta kitabu."

Chiriku akaleta.

"Nisomee hapa."

Mtoto aliangalia ukurasa, akaangalia dari, kisha akamwangalia mama yake mdogo kwa upole wa mtu anayemkumbusha mwenzake alichosahau.

"Ninong'oneze basi, mamdogo."

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yao, ila Chiriku hakujua kama ni siri.

Shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa, Mwalimu alikuwa akiwafundisha wadogo kwa video ya simu, kisha akituma picha ya ukurasa kwenye kundi la wazazi. Kila mtoto asome, arekodiwe, rekodi itumwe kabla jua halijazama. Siku za mwanzo Fundi alikaa na mtoto kwa haki. Ba, be, bi. Jioni moja kazi zilikuwa nyingi, Chiriku amekwama kwenye mstari wa kwanza, na jua linakwenda. Fundi akamnong'oneza sikioni kipande kimoja. Chiriku akakirudia kwa sauti nzuri, yenye mapozi. Kikafuata kingine. Ukurasa ukaisha. Mwishoni Fundi akaongeza kwa sauti yake mwenyewe: "Asante Mwalimu, jioni njema."

Jibu lilikuja haraka: "Hongera Chiriku! Na hongera zaidi mama, kazi yako inaonekana."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Fundi kwamba kazi yake inaonekana. Wateja huona pale tu uzi unapokatika. Kesho yake akanong'ona tena. Meseji za Mwalimu zikawa ndefu. Baadaye Mwalimu mwenyewe akaja dukani na suruali ya kupunguza miguu, suruali ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Basi mapenzi yakaanza hapo, na ba, be, bi zikaishia hapo.

"Wewe unajitesa bure," alisema msusi wa duka la pili, aliyekuwa ameingia kuazima mkasi na kusikia yote. "Mtoto ana kichwa cha kunasa. Mpe hicho kipande akishike chote, Jumatatu atakitema, watu watapiga makofi, mama mkwe atakupenda. Kusoma atajifunza baadaye."

"Na kama Mwalimu akigundua?"

"Atagundua ukiwa mkewe. Hapo atakupeleka wapi, shoga?"

"Mwenzako nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli! Wangapi waliolewa na nywele nilizosuka mimi, na waume hadi leo wanadhani ni zao?"

Fundi alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Jumamosi Mwalimu alipita dukani, mikono ina rangi nyeupe. Alikuwa ametoka kuchora alama za kukalia watoto sakafuni, wasisongamane.

"Mwalimu, kuna jambo nataka kukwambia."

"Niambie."

"Kuhusu Chiriku."

"Anaogopa? Mwambie asiogope, nitakuwa pembeni yake." Aliketi kwenye kigoda cha wateja, akashusha pumzi. "Unajua, wenzangu shuleni walinicheka. Walisema kufundisha kwa simu ni kumpigia kelele mtu aliyelala. Nikawasikilizisha rekodi za Chiriku. Wakanyamaza wote. Huyo mtoto ameniheshimisha, Fundi. Haya, ulitaka kusema nini?"

Fundi alimwangalia Mwalimu, uso wake umechoka na umefurahi.

"Nilitaka kukuuliza avae soksi ndefu au fupi."

"Ndefu," alisema Mwalimu. "Apendeze."

Alipoondoka, Fundi aliandika meseji: "Mwalimu, Chiriku hajui kusoma. Ni mimi." Akaisoma. Akaifuta. Akaiandika tena. Mara ya mwisho aliifuta yote, akabakiza neno "Mwalimu", na hilo nalo akalifuta.

Jumapili wakakaa kukariri. Zamani walipokuwa wakirekodi, Fundi alimwongoza mtoto kwa kidole: simama, endelea, tulia. Siku hiyo mikono ilikuwa kwenye sare za watu zilizotakiwa asubuhi, kwa hiyo kila kitu alikisema kwa mdomo, macho kwenye sindano. Chiriku alirudia kipande kwa kipande, sauti ikimezwa na mlio wa cherehani, na Fundi aliona hakukosea hata kimoja.

"Nimeweza, mamdogo?"

"Umeweza, mwanangu."

"Basi mbona hujafurahi?"

"Nimechoka tu. Nenda kaoge."

*

Jumatatu getini palikuwa na ndoo za maji na sabuni, na foleni iliyogoma kunyooka, maana watoto walikuwa wamesahau foleni ni nini. Kitoto kimoja cha darasa la kwanza, kilichomjua Mwalimu kwa uso wa kwenye kioo cha simu tu, kilimwona amesimama mlangoni kikapiga kelele: "Kumbe Mwalimu ana miguu!" Kingine kilipoulizwa jina la baba yake kikajibu: "Sikusikii, Mwalimu, mtandao unakata."

Wazazi walicheka. Fundi alisimama nyuma, karibu na dirisha, kanga ya begani ameibana kwa vidole vyote. Mbele aliketi mama mmoja mnene mwenye miwani, akigeuka kila mara kutafuta mtu kwa macho. Fundi hakuhitaji kuambiwa ni nani.

"Sasa," alisema Mwalimu, "mtawasikia watoto wenu walivyofanya kazi. Chiriku, njoo mama."

Chiriku akaenda, soksi ndefu zimevutwa mpaka magotini. Akapewa kitabu, akakifungua palepale alipoambiwa. Akaanza, sauti kama kengele.

"Mbuzi wa jirani aliingia bustanini. Akala majani yote. Vuta pumzi."

Mzazi mmoja aliangalia mwenzake.

"Jirani alipokuja akamkuta mbuzi amelala. Usikune pua. Akamwuliza, wewe mbuzi, nani amekula majani yangu? Usiangalie dirishani, angalia kitabu. Mbuzi akasema, mee."

Kicheko kilianzia pembeni kikazagaa chumba kizima. Chiriku naye akatabasamu, akidhani amepatia. Akaongeza sauti.

"Jirani akamfukuza mbuzi mpaka njiani. Hapo tulia kidogo, nibadilishe uzi. Na hadithi ikaisha. Sema asante Mwalimu."

Mkuu wa shule alikuwa ameshika tama. Mwalimu alikichukua kitabu polepole kutoka mikononi mwa mtoto, akafungua ukurasa mwingine, akaonyesha neno moja fupi.

"Hapa pameandikwa nini, Chiriku?"

Mtoto aliangalia neno. Kisha akageuka, mbele ya kila mtu, akamtafuta mama yake mdogo kule nyuma. Alisubiri anong'onezwe.

Hapo watu walicheka zaidi, na tabasamu la Chiriku likaanza kuvunjika upande mmoja.

"Msimcheke!" Fundi alisikia sauti yake kabla hajajua amefungua mdomo. Alipita katikati ya watu, akafika mbele, akamshika mtoto mkono. "Huyu hajakosea kitu. Amesema nilichomwambia. Rekodi zote zile nilikuwa namnong'oneza mimi. Kama ni kucheka, nichekeni mimi."

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa jambo la ajabu kidogo, namna wazazi wengi walivyoinamisha macho kwa pamoja, kila mmoja akitafuta kitu kwenye viatu vyake.

*

Wazazi walipotawanyika, Mwalimu na Fundi walibaki wawili darasani, kati yao alama nyeupe za sakafuni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaniacha."

"Jumamosi nilikuuliza unataka kusema nini. Ukaniambia soksi."

"Najua."

"Mimi ni mtu mzima, nitaaibika, nitapona. Lakini Chiriku? Angefika darasa la ngapi anakuangalia wewe?"

Fundi alitaka kusema habari za kazi nyingi, za jua kuzama, za marehemu dada. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililokuwa jibu.

"Nilikuwa napenda unavyonisifu," alisema. "Ndiyo hivyo. Nilianza kwa haraka, nikaendelea kwa sababu ya sifa. Nimemwibia mtoto masomo yake nikanunulia maneno yako mazuri. Nisamehe. Na usiponisamehe, mfundishe yeye tu."

Mwalimu alikifunga kitabu. Mlangoni alisimama yule mama mwenye miwani, akamtazama Fundi juu mpaka chini bila ukali.

"Mtoto yuko nje anamhadithia mlinzi habari za mbuzi," alisema. "Mpelekee maji, koo litamkauka."

Wiki hiyo simu haikulia. Fundi alishona, akafumua, akashona. Jioni alifunga duka mapema, akakaa na Chiriku mkekani. Ba, be, bi. Mtoto alichukia, alilia, alisema anaumwa tumbo. Fundi aliuma midomo asiseme neno lolote.

Kisha siku moja adhuhuri, simu ikalia.

"Fundi."

"Mwalimu."

"Nimesikiliza rekodi zote upya, tangu ya mwanzo." Alikohoa. "Unasikika. Kila kipande, kabla mtoto hajasema, mnong'ono wako upo. Hata kiziwi angekusikia."

"Sasa wewe hukusikia vipi?"

Mwalimu alikohoa tena.

"Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa naruka mpaka mwisho. Pale unaposema, 'Asante Mwalimu, jioni njema.' Nasikiliza hapo, narudia hapo, halafu naandika hongera."

Fundi aliketi juu ya rundo la sare.

"Wenzangu niliwasikilizisha mwanzo tu, sekunde chache, nikazima kwa majivuno. Siku ile nilikusomea mashtaka kana kwamba mimi ni msafi. Mimi ndiye mwalimu, Fundi. Wewe ulinong'ona, lakini mwenye kazi ya kusikiliza nilikuwa mimi."

"Mkuu wa shule anajua?"

"Nimemwambia jana. Amenipa wanaosoma kwa kukariri wote, nikae nao kila siku baada ya masomo. Ni nusu ya darasa! Kumbe mtaa mzima ulikuwa unanong'ona." Alicheka kidogo, akaacha. "Mlete Chiriku. Na mimi na wewe tusiongee habari zetu kwanza. Tusimpitie mtoto mgongoni tena."

"Sawa, Mwalimu."

"Atakapoweza kusoma, nitajua pa kuanzia."

*

Mvua zilikuja zikaisha. Magauni yaliyoshushwa pindo yakaanza kuwa mafupi tena. Chiriku alikuwa akirudi shuleni akisoma kila kitu njiani, chupa za sabuni, mabango, fulana za watu, na kupachika makosa yake mwenyewe bila aibu.

Alasiri moja simu iliingia meseji mezani, kati ya mkasi na chaki. Msusi alikuwepo, akisubiri gauni lake.

"Ya Mwalimu!" alisema Chiriku, akaidaka. "Jina langu hili hapa! Ni yangu!"

"Haya, isome," alisema Fundi, akasogea nyuma yake. Jicho lake lilikuwa limeshaifikia meseji yote.

"Chi-ri-ku. Mu-u... mu-u-li-ze. Muulize. Ma-ma ya-ko..."

"Jamani, lete nisome mimi!" Msusi alinyoosha mkono. "Nitazeeka hapa!"

"Mwache," alisema Fundi.

"Ka-ma. A-ta... a-ta-ku..." Chiriku alikwama. Alikunja uso, kidole kimegusa kioo. Fundi alihisi neno lile limejaa mdomoni mwake, akainama kidogo kuelekea sikio la mtoto, bila kujijua.

"Usininong'oneze!" Chiriku alifoka.

Fundi akajiziba mdomo kwa mkono.

"A-ta-ku-ba-li. Atakubali! Ni-je. Na. Ma-ma ya-ngu. Ku-m-cho... kumcho... nyamaza, mamdogo!"

"Sijasema kitu, mwanangu."

"Unapumua! Ku-m-chu-mbi-a." Alirudia yote kwa mkupuo mmoja, sauti kama kengele, na safari hii macho hayakutoka kwenye maneno. "Chiriku, muulize mama yako kama atakubali nije na mama yangu kumchumbia."

Akainua uso. Msusi alikuwa analia kwenye gauni ambalo bado hajalilipia.

"Nimeulizwa nikuulize," alisema Chiriku. "Utakubali?"

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Basi nipe simu nimjibu. Usinisaidie."

Akaandika herufi kwa herufi, ulimi umetoka pembeni, na kule upande wa pili Mwalimu alisubiri muda mrefu kuliko mchumba yeyote, mpaka lilipomfikia neno moja tu, lenye kosa katikati: "Amekubari."

Mwalimu hakumsahihisha mpaka kesho yake darasani.