Kosa la Mstari wa Tisa

Saa kumi na moja na nusu jioni, fundi wa kompyuta wa hospitali alikuwa amebakiza kazi moja tu, na amechoka mpaka herufi zilikuwa zinamchezea machoni. Nje ya mlango, kwenye benchi, mama yake aliyekuja kupimwa presha alikuwa akimenya chungwa na kugongagonga kandambili sakafuni.

"Mwanangu, hujamaliza tu?"

"Dakika mbili, mama. Ni kosa dogo."

Kosa lenyewe lilikuwa na umri wa miaka mitatu. Kila saa kumi na mbili jioni skripti moja fupi, mistari kumi na miwili ya amri, ilitakiwa isome orodha na kuhamisha mafaili ya wagonjwa, moja kila dakika, kutoka folda ya Waliopo kwenda folda ya Waliokwenda. Kila jioni ilikwama mstari wa tisa, kwenye jina la kwanza kabisa. Orodha hiyo hakuna karani aliyekiri kuijaza. Meneja hakutaka maelezo, alitaka itengenezwe leo.

Fundi aliliona kosa mara moja. Jina lile lilikuwa na nafasi katikati, na mstari wa tisa haukuwa na alama za kunukuu. Kwa hiyo kompyuta ilidhani ni majina mawili, ikatafuta mafaili mawili, ikakosa yote, ikasimama.

Jina lilikuwa la Babu Waya, fundi mstaafu aliyemfundisha kazi. Hapo alishangaa kidogo. Mzee huyu ndiye aliyekuwa akiwagombeza makarani kutwa: unganisheni majina kwa kistari, msiache nafasi! Na juu ya mstari wa tisa alikuwa ameandika: *Acheni hivi hivi. Tafadhali.*

"Kajiandika kwa majaribio, akastaafu na uchafu wake," fundi alijisemea. Angeshusha orodha aone majina yaliyofuata, lakini mkono wenyewe ulikuwa mzito. Akatia alama mbili, moja kushoto, moja kulia.

Saa kumi na mbili kamili.

*Limehamishwa.*

Akashusha pumzi. Halafu ikaja harufu... Udongo mbichi, kama uliochimbuliwa sasa hivi. Ghorofa ya tatu, madirisha yamefungwa.

Simu ikatetemeka. Alikuwa binti wa Babu Waya.

"Dada..." Alikuwa ananong'ona. "Baba alikuwa anakunywa chai. Sasa hivi tu. Kasema, 'Wameirekebisha,' akainamisha kichwa. Wamerekebisha nini, dada? Haamki."

*Limehamishwa.*

Ndoo ikaanguka koridoni. Maji yakamwagika.

"Jamani, njooni!" Ilikuwa sauti ya mama yake. "Mama wa usafi kaanguka!"

Fundi akashusha orodha. Jina la pili, mama wa usafi. La tatu...

La tatu lilikuwa la mama yake.

Tarehe ya pembeni ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Aliikumbuka vizuri. Ndiyo jioni ambayo daktari aliwaambia waite ndugu. Babu Waya alikuja wodini, akasimama kidogo, akamwambia, "Nenda kalale, binti yangu. Nimeshalishughulikia." Asubuhi mama akaamka anadai uji.

Alibonyeza vitufe vya kusimamisha. Havikutii. Akabonyeza tena. Akachomoa waya ukutani.

Skrini ikaendelea kuwaka.

Nje, kandambili zikanyamaza.

"Mama?"

Harufu ile ya udongo ikazidi.

Zilibaki sekunde ishirini. Akafungua skripti, akafuta alama za kunukuu. Lakini jina la mama yake lilikuwa na kistari, lisingekwama popote. Lilihitajika mbele yake jina lenye nafasi. Jina la mtu halisi, mwenye faili kwenye Waliopo kama kila mfanyakazi; la kubuni lingerukwa tu. Na katika hospitali nzima hakuwa na jina la mtu la kuchezea.

Akaandika la kwake. La kwanza, nafasi, la baba.

*Mstari wa 9: faili halikupatikana.*

Kandambili zikagonga. Mama akasukuma mlango, mkono mmoja umeshika kipande cha chungwa, uso umempauka.

"Nilisinzia nini mimi? Nimehisi baridi, mwanangu... Yule mama wa usafi wamemfunika shuka. Twende nyumbani."

Fundi alimshika mkono, akamshika na wa pili, akalia bila sauti. Vidole vya mama vilikuwa na joto, na vilinukia chungwa.

Meneja akachungulia nyuma yao, akatazama skrini, akaguna.

"Bado tu? Mstari uleule?" Kisha akamwonea huruma. "Umechoka wewe. Kesho pumzika. Nimeshamtumia picha ya skripti fundi wa nje, atakuja kesho, kasema ni alama mbili tu zimesahaulika. Kazi ya dakika mbili."