Nyota ya Pili

Mashine haikosei bure. Ama waya umekatika, ama gia imelegea, ama kuna mtu kabonyeza asichokijua kwa ujasiri wa mjinga. Hivyo ndivyo Bisibisi alivyoamini maisha yake yote ya ufundi, na ndivyo alivyojiambia jioni ile, juu ya paa la nyumba ya wageni, alipoiagiza darubini imtafutie sayari ya Mshtarii, nayo ikageuka taratibu, ikainamisha shingo kama mbuzi aliyeona majani, ikaelekea bondeni kwenye mabati ya watu.

"Wewe," aliiambia, "nimekutuma mbinguni, unakwenda kuchungulia majirani?"

Alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya kuamsha mtaa na utani wa kuulaza tena. Fundi wa kila kitu: leo pasi, kesho pampu, keshokutwa zege. Meneja wa nyumba ile alikuwa amenunua darubini ili wageni watazame anga baada ya chakula, na wageni wa kwanza walikuwa njiani. Vioo vyake havikuwa na kasoro. Ugonjwa ulikuwa kwenye kitako, yaani ile mashine ya mota na kompyuta inayoibeba darubini na kuigeuza.

Kitako cha namna hiyo, kabla ya kazi, huonyeshwa nyota mbili. Unakiongoza kwa rimoti, unaiweka nyota katikati ya msalaba ulio ndani ya kioo, unabonyeza kitufe cha kukubali. Halafu ya pili, vivyo hivyo. Ni kama kumpokea mgeni: ukimwonyesha kituo cha basi na soko, mji uliobaki atautembea mwenyewe. Ila ukimdanganya kituo, usishangae ukimkuta amelala makaburini.

Basi Bisibisi akaanza kutafuta ugonjwa. Akaweka pimamaji juu ya nguzo ya zege iliyokibeba kitako: povu limetulia katikati kama mfalme. Akashika dira: kaskazini ni kaskazini. Saa na tarehe, sawa. Betri imeshiba. Akazishika gia na kuzitikisa, zimekaza. Kila alipoiagiza Mshtarii, mota ikasaga meno, shingo ikainama, bondeni.

Mwishowe akafanya lile ambalo fundi mwenye adabu hulifanya kwanza. Alilaza shavu juu ya bomba la darubini, akatazama kwa jicho lake mwenyewe linaelekea wapi. Halafu akacheka peke yake mpaka tumbo likamruka.

Bomba lilikuwa limenyooka, likavuka bonde lote, likatua kwenye dirisha la chumba chake cha kulala. Alipokuwa akichagua nyota ya kwanza, mkewe alikuwa amempigia simu kumweleza namna binti yao alivyompiga teke muuguzi wa chanjo. Bisibisi, simu begani, aliona nukta ya mwanga katikati ya msalaba, akabonyeza. Nyota gani? Ilikuwa taa ya kando ya kitanda, ile iliyokuwa ikiwashwa magharibi inapoingia ili Tone asiogope giza. Tone ndiye huyo binti, aliyepewa jina hilo la mzaha kwa sababu alikuja mdogo kama tone la maji, baada ya miaka mingi ya wazazi wake kungoja, kulia, na kuambiwa na kila shangazi wajaribu dawa hii na ile.

"Nimeiposea mbingu taa ya mke wangu," alisema, akafuta kila kitu, akaanza upya.

Akaongoza bomba kwenye nyota kubwa ya kusini. Kwa kuwa gia huwa na ulegevu kidogo, fundi anayejua kazi humalizia kwa kitufe cha mshale wa juu na wa kulia, ili meno yashikane. Alimalizia hivyo, akabonyeza kukubali. Kitako kikanyamaza, kama mtu anayefikiri. Kisha kikageuka, bila kuagizwa, kikarudi kwenye dirisha lile.

Hapo ndipo harufu ilipokuja. Saruji mbichi, na ile baridi yake inayopanda puani, ilhali nguzo ya kitako, aliyoimwaga yeye mwenyewe, ilikuwa imekauka majuma mengi yaliyopita. Na chini ya saruji palikuwa na harufu nyingine, chachu na tamu kwa pamoja: maziwa ya mama yaliyolowa kwenye nguo. Hiyo hakuhitaji kuambiwa, ndiyo iliyotawala chumba chake tangu Tone azaliwe. Aligusa nguzo. Ilikuwa imelowa. Alinusa vidole vyake, akavifuta kwenye suruali upesi kama mwizi.

Kioo kidogo cha rimoti, ambacho tangu kiwandani hakikujua Kiswahili hata cha kuombea maji, kikaandika: MWANANGU YUKO WAPI.

Bisibisi aliyasoma maneno yale, akatafuta utani wa kuyajibu. Maneno yakajifuta, yakaja mengine: ANALIA NDANI YA JIWE. NANI ALIMWAGA.

Akaikumbuka siku ile, kwa kuwa hakuwa amejitahidi sana kuisahau. Pembeni mwa paa, palipokuwa na tangi la zamani, palikuwa na shimo, na nguzo ilitakiwa ianzie humo. Alipoleta ndoo ya kwanza ya zege alisikia kilio chembamba kikitoka chini. Aliitua ndoo. Akamwambia Meneja kwamba humo kuna paka kazaa, wangoje kidogo mama yao awahamishe. Meneja alisema paka ana roho saba, mwaga, wageni hawangoji paka. Bisibisi akacheka, akasema basi huyu atakuwa paka wa kwanza mhandisi, akamwaga. Kilio kiliendelea chini ya ubichi ule kwa muda, kikapungua, kikaisha. Naye akachukua mwiko akasawazisha juu, vizuri, akirudiarudia, kwa sababu alipenda kazi yake isiwe na mikwaruzo.

Alimpigia Meneja simu. Nyumba ya Meneja ilikuwa ng'ambo ya ua, na kutoka pale paani alimwona, amekaa barazani kwa fulana, miguu juu ya kigoda, na mama yake mzee akimwekea mto mgongoni. Yule mama aliyewaita mafundi wote 'wanangu' na kuwaletea chai bila kuombwa. Bisibisi alieleza yote, kwa sauti ndogo isiyokuwa yake. Alisikia kicheko mara mbili, kimoja kwenye simu, kingine kikivuka ua. Meneja alisema kama mashine imemshinda aseme tu imemshinda, asiwasingizie majini kazi ya mikono yake. Na kama kweli ni jini, basi amwombe asaidie kuwapokea wageni. Akakata.

Simu ikaita palepale. Mkewe.

"Baba Tone." Alikuwa akinong'ona. "Kuna mtu ukutani."

"Mtu gani?"

"Simwoni. Anapapasa. Kama kipofu anayetafuta mlango. Ameanzia jikoni, sasa yuko huku."

"Funga dirisha."

"Limefungwa. Tone anamcheka." Nyuma ya sauti yake Bisibisi alisikia viganja vilivyolowa vikigusa ukuta wa nyumba yake, pa, pa, pa, bila haraka. Kisha akamsikia mwanawe akikohoa. "Baba Tone, anatoa kitu mdomoni. Cha kijivu. Kama uji, lakini kinagandia vidoleni mwangu."

Alizima kitako, na mota ikaendelea kusaga meno, akachomoa betri na kuitupa kule, na kile kioo kidogo kikabaki kinawaka bila moto wowote wa kukiwasha, akashika nyundo akaipiga nguzo kwa nguvu zote za mwili wake mkubwa, na kutoka ndani ya zege kikapanda kilio cha mtoto mchanga, na papo hapo, kwenye simu aliyoiacha wazi sakafuni, Tone naye akalia kwa sauti ileile, kwa pumzi ileile, hata asijue ni yupi analia na yupi anaitikia, akaitua nyundo taratibu kama mtu anayemlaza mgonjwa, akaishika rimoti kwa mikono yote miwili, akalivuta bomba juu, juu, mpaka kwenye nyota ya kweli, nyota safi isiyokuwa na deni na mtu, akabonyeza kukubali, akabonyeza tena, akabonyeza mpaka ukucha ukamuuma.

NYOTA HAIKUMWAGA, kioo kikaandika. UMESHANIONYESHA NYUMBA. NIONYESHE MARA YA PILI NIINGIE.

Na bomba likaanza kushuka lenyewe kuelekea bondeni.

"Si pale," alisema Bisibisi. "Nilikosea. Wallahi nilikosea. Si pale."

Mota ikasimama. Upepo ukasimama. Harufu ya maziwa ikamjia usoni, ya joto, kama mtu aliyesogea karibu ili asikie vizuri.

NI WAPI BASI.

Angeweza kusema, Ni mimi. Maneno mawili tu, naye alikuwa mtu wa maneno mengi. Yalimfika ulimini, akayaonja. Lakini chini ya hofu yake kulikuwa kukichemka kitu kingine, tangu kile kicheko kilipovuka ua: kwamba yupo mtu aliyetamka 'mwaga' kisha akaenda kunywa chai, na sasa amekaa na mto mgongoni, na mtoto anayekohoa saruji si wake. Simu ilikuwa ikitoa sauti ya kukwaruza, ya koo dogo linaloziba. Mkewe alikuwa ameacha kunong'ona. Alikuwa akiita jina lake la kweli, ambalo hakuna mtu aliyelitumia tena ila yeye.

Bisibisi alibonyeza mshale. Bomba likageuka, likavuka ua, likafika barazani. Akainama kwenye kioo. Darubini hukionyesha kila kitu kichwa chini, na ndivyo alivyomwona Meneja, ananing'inia kama popo kwenye kiti chake, anajipepea kwa gazeti. Alimsogeza. Akapita kidogo, akamrudisha. Akamalizia kwa mshale wa juu na wa kulia, ili meno yashikane, mpaka msalaba ukakaa katikati ya fulana. Maishani mwake hakuwahi kuilenga nyota kwa uangalifu kama ule.

"Huyu," alisema. Akabonyeza.

Hakuondoa jicho, ingawa alitaka. Aliona mikono miwili mirefu, ya kijivu, inayochuruzika, ikitoka gizani nyuma ya kiti, ikamkumbatia Meneja kifuani kwa upole mkubwa, kama mama aliyengoja sana anavyomkumbatia mwanawe. Aliona kiganja kimoja kikipanda mpaka mdomoni na kutulia pale. Gazeti lilianguka, katika kioo lilionekana linapaa. Halafu kwenye simu Tone akavuta pumzi moja ndefu, akalia kilio kikavu, kikali, cha mtoto mwenye njaa na hasira, na Bisibisi akaketi sakafuni, akalia naye.

Mama yake ndiye aliyemkuta Meneja, amekaa vilevile kitini, magoti yameletwa kidevuni kama mtoto aliye tumboni, na kinywa kimejaa zege kavu lililosawazishwa vizuri juu, bila mkwaruzo. Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaondoka wakitazamana. Bisibisi alibeba jeneza kwa bega la mbele. Watu walisema fundi huyu ana utu. Kitako kilipojaribiwa na mtu mwingine kilifanya kazi bila kosa.

Siku za matanga zilipopita, mama yule mzee alifika nyumbani kwa Bisibisi, peke yake, jua likiwa limeshazama. Hakukaa. Alimtazama Tone mgongoni kwa mama yake, akasema amekua, kisha akamwomba fundi amsindikize paani.

Njiani Bisibisi alimuuliza anataka nini kule, wakati huu, na miguu ile.

"Jana alinijia mgeni," alisema mama. "Alikaa kitandani kwangu, akanishika. Nguo zake zimelowa maziwa. Tulilia sana, mwanangu, mzazi na mzazi mwenziwe. Ameniomba radhi. Amesema yeye hakumjua mwanangu, alionyeshwa tu. Nikamuuliza, na nani? Akasema, nenda kwenye kile chombo, nacho kitakuonyesha, kama kilivyonionyesha mimi."

Bisibisi alisimama. Angegeuka arudi, lakini kukataa kungekuwa jibu. Basi akapanda naye ngazi, akimshika kiwiko, akijiambia kwamba mama huyu haoni vizuri, kwamba atamwekea nyota yoyote nzuri, atamwambia kwamba mwanawe yuko pale, nao watateremka.

Mama akaishika rimoti. Bisibisi akanyoosha mkono ili amsaidie, lakini mota ilikuwa tayari imeanza kusaga meno, na bomba likaiacha anga, likageuka taratibu juu ya bonde, likamalizia kwa juu na kulia, likatulia. Mama akainama, akafumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu. Mkono wake wa kushoto ulimtafuta fundi, ukamkamata kifundo cha mkono.

"Naona taa ya kando ya kitanda," alisema, bila kuinua uso. "Na mtoto analala. Nani anakaa pale, mwanangu?"