Kumbe Analyn ni Mke wa Mtu

—Monsieur Sumaili, huyu mama iko na bwana.

Sumaili akacheka. Alidhani ni mzaha wa asubuhi wa watu wa ofisi.

—Ndiyo, chef. Bwana yake ni miye. Ndiyo tumekuja kuandikisha.

—Apana. Iko na bwana mwingine.

Monsieur Mwelwa, karani wa ndoa pale komini, ile ofisi ya serikali ya mtaa, akaigeuza karatasi na kuisukuma mezani kwa kidole. Ilitoka Manila, ina mihuri, imetafsiriwa kwa Kifaransa. Analyn, mzaliwa wa Iloilo, Ufilipino. Ameolewa mwaka 2011, kanisani, na Rodel. Chini yake, mahali pa kuandika kama ndoa ilivunjwa, peupe.

Sumaili akamgeukia mchumba wake.

—Analyn. Hii ni kintu gani?

—Ni ile nilikuambia.

—Uliniambia muliachana!

—Ndiyo. Tuliachana. Miaka tisa sasa.

—Basi talaka iko wapi?

—Talaka gani?

Jamani, nawaomba mtu asimtukane huyu dada kabla hajasikia. Analyn alikuja Lubumbashi kupima mawe ya shaba kwenye maabara ya kampuni moja. Miaka minne. Kiswahili chake alikiokota sokoni, kwa mama wauza sombe, yale majani ya muhogo, na alikiokota vizuri. Neno kuachana aliwasikia wasichana wa kazini wakilitumia: nimeachana na Dédé, nimeachana na Nono, kila wiki wanaachana na mtu. Akaelewa kwamba ni watu wawili kila mmoja kushika njia yake. Basi alipomwambia Sumaili "tuliachana", kwa roho yake alisema ukweli mtupu.

Lakini Sumaili ni mtoto wa Waislamu wa Maniema, amezaliwa hapahapa Lubumbashi, mtaa wa Kamalondo. Kwao bwana na bibi wakiachana, talaka imeshatolewa, mashahidi wamesikia, mambo yamekwisha. Hakuuliza tena. Angeuliza nini?

—Monsieur Mwelwa, akasema Analyn, mimi nilifikiri, kwa sababu hapa kuna divorce, mutanipa hapa.

—Mama, weye ni wa Ufilipino. Mambo ya ndoa yako inafuata sheria ya kwenu. Lete karatasi ya divorce ya kwenu.

—Kwetu hakuna.

—Haukuomba?

—Hakuna ya kuomba. Kwa Waislamu wa kwetu iko. Kwa sisi wengine, sheria hairuhusu.

Karani akavua miwani.

—Inchi nzima?

—Inchi nzima. Wabunge wanabishana kila mwaka. Bunge la chini lilikubali, seneti ikakalia ile sheria. Maaskofu hawataki. Mama yangu mwenyewe alisimama na rozari mlangoni mwa kanisa, anakusanya saini za kuipinga.

—Na kama bwana anapiga bibi?

—Wanaweza kukutenga naye. Nyumba mbalimbali. Lakini unabaki bibi yake.

Monsieur Mwelwa akarudisha miwani puani, akafunga daftari kubwa la ndoa taratibu.

—Pole sana, mama. Kweli kabisa, pole.

Nje, Sumaili alitembea mbele, mikono mifukoni. Analyn akamfuata na bahasha yake.

—Sumaili, ngoja!

—Niko natembea na bibi ya muntu! Miaka miwili, Analyn! Mama yangu amekula chakula yako!

—Sikukuficha! Nilisema karatasi itaonyesha nilikuwa na bwana. Ulijibu nini?

Sumaili akasimama, akageuka.

—Ulijibu nini, Sumaili?

—Nilisema... si muliachana, basi.

—Na mimi nikasema ndiyo. Rodel anaishi na mwanamke mwingine, wana watoto wawili. Kama ile siyo kuachana, munaitaje?

Na muda ulikuwa unakimbia: maabara inafungwa mwisho wa mwezi, na kibali cha Analyn cha kukaa Kongo kinaisha siku hiyohiyo. Siku tisa. Akiolewa na Sumaili, anabaki. Asipoolewa, anapanda ndege.

—Twende kwa mama, akasema Sumaili, sauti imeshuka. Yeye anajuaka mambo ya bandoa.

Mama Djamila, mama yake Sumaili, aliwasikiliza akiwa anamenya vitunguu uani. Msalaba wa Analyn haukuwahi kumsumbua, maana Mkristo anaolewa na Muislamu bila shida. Hili la leo ndilo lilimfanya aweke kisu chini.

—Huyo bwana iko mzima?

—Iko mzima, Mama.

—Iko na simu?

—Iko nayo.

—Basi munalilia nini? Mumupigie! Aseme talaka, bantu basikie, kwisha.

—Mama, akasema Sumaili, yule ni Mukatoliki.

—Mukatoliki haina kinywa?

Ndiyo hivyo. Saa tisa mchana Kamalondo, saa tatu usiku kule Iloilo, simu ikawekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sauti juu kabisa. Marie-Thérèse wa jirani akaitwa kuwa shahidi. Akaja na mtoto mgongoni na sahani ya karanga.

Rodel akapokea. Analyn akaongea naye kwa lugha yao, muda mrefu. Mwanzo yule bwana akacheka, halafu sauti yake ikashuka.

—Anasema nini? Sumaili hakuweza kuvumilia.

—Anasema pole. Anasema na yeye anataka kuoa mama wa watoto wake, wamemkatalia vilevile. Anasema atatamka neno lolote munalotaka.

Mama Djamila akainama juu ya ndoo.

—Baba! Sema: nimekupa talaka.

—Ni-me-ku-pa... talaka.

—Taja jina!

—Analyn, nimekupa talaka.

—Yeleleleee!

Uani pakalipuka vigelegele. Marie-Thérèse, Mkatoliki wa misa ya kila Jumapili, alipiga kuwashinda wote, sijui kwa sheria ipi. Mama Djamila akamkumbatia Analyn na mikono yake ya vitunguu, wote wawili machozi. Hata Rodel kule simuni aliuliza kama sherehe imeshaanza.

—Sasa muite Sheikh Zakari, Mama akaamuru. Afungishe leo leo.

Sumaili akapiga. Sheikh akasikiliza hadithi yote bila kukatiza.

—Huyo bwana ni Muislamu?

—Apana, Sheikh.

—Walifunga wapi?

—Kanisani.

—Na ametoa talaka kwa simu. Amefundishwa na mama yako.

—Ndiyo, Sheikh.

Sumaili akamsikia Sheikh anahema.

—Mutoto yangu, hii sijapata kuiona. Nitauliza bakubwa. Lakini hata bakisema imepita, bibi akiachwa kuna eda. Miezi tatu anangojea.

—Sheikh, tuko na siku tisa.

—Nimesikia. Miye sina uwezo juu ya eda.

Kesho yake Sumaili alirudi komini peke yake. Marie-Thérèse alikuwa amerekodi kila kitu, kwa hiyo alikwenda na sauti ya Rodel kwenye simu. Monsieur Mwelwa alifunga mlango, akasikiliza mara mbili, kichwa kimeinama kama mtu aliye msibani.

—Sauti iko clair. Huyu muntu haina uongo.

—Basi utuandikishe, chef.

—Sina fasi ya kuweka sauti. Daftari inataka karatasi.

—Lakini umesikia mwenyewe! Hamutaki! Rodel hamutaki, miye namutaka. Tatizo iko kwa nani?

—Haiko kwa muntu, ndugu yangu. Nikibandika muhuri hapa, mbele ya sheria huyu mama iko na mabwana wawili. Siku muntu akiwachongea, watakamata yeye. Unataka akamatwe?

—Apana.

—Hata miye sitaki.

Ungekuwa wewe ungemgombeza nani? Bwana ameachia, mama mkwe amebariki, karani analia nao, na ndoa haifungiki. Adui mwenye sura ungemtafuta usimpate. Mimi mambo ya namna hiyo yananichoma kuliko fitina.

Wakati anatoka, simu ikatetemeka. Ujumbe wa Madame Abigaïl, mama anayeandaa maonyesho ya uchoraji kule hoteli Karavia, yanaitwa Sura ya Kongo. Sumaili, ambaye kazi yake ni uchoraji, alikuwa amewapelekea picha ya turubai yake: Analyn amekaa kwenye kiti kifupi uani, amejifunga kikwembe cha maua ya njano, miguu mitupu, anachambua sombe.

"Sumaili, kamati imependa mkono wako sana. Shida ni huyo mwanamke. Si Mukongo. Watu watauliza anatafuta nini ndani ya Sura ya Kongo. Ondoa miguu, umupe mkia, akuwe mamba muntu. Hivyo tutamuweka ukuta wa mbele."

Mamba muntu ni yule mwanamke wa majini, nusu mtu nusu samaki. Wachoraji wa Katanga wamemchora tangu zamani, na hapo nyuma hukuingia sebule ya Lubumbashi usimkute ukutani. Sumaili akapiga simu palepale barabarani.

—Madame, mamba muntu mwenyewe ni mweupe! Nywele hadi kiunoni! Nani alimupa uraia?

—Yule ni wetu, Sumaili. Anatoka ndani ya mito yetu.

—Na huyu anatoka Kamalondo, anachambua sombe! Mamba muntu alishachambua sombe siku gani?

—Usinikasirikie miye. Kamati ndiyo imesema. Alhamisi mwisho.

Akakata. Akaenda kwenye karakana yake, akamkuta Analyn amekwisha fika, amekaa kwenye kile kiti kifupi. Kwa uso wa Sumaili akajua habari za komini. Hakuuliza. Akaomba simu, akausoma ujumbe wa Madame Abigaïl taratibu, midomo ikicheza.

—Kwetu pia wanabishana hivi, akasema. Ukichora mama wa shamba na kofia ya majani, wanasema huyu ndiye Ufilipino. Ukinichora mimi na blouse ya maabara, niko Lubumbashi, watauliza huyu ni wa nani.

—Ni wangu.

—Kwa karatasi gani?

Haikuwa matusi. Alisema kwa upole kabisa, na Sumaili akageuka kuangalia ukuta.

—Nitakuja kwenu, akasema. Nitauza karakana.

—Uje ufanye nini? Kwetu ndiyo mbaya zaidi. Kule nitakuwa bibi ya Rodel mbele ya macho yako, na mama yangu atakupikia chai akuite rafiki.

—Basi nifanye nini, Analyn? Niambie kintu kimoja tu. Kimoja nifanye!

Alipiga kelele, mtu mzima, hadi vijana wa fundi cherehani ng'ambo wakasimamisha mashine. Analyn akasimama, akamshika uso na mikono miwili.

—Weka mkia.

—Nini?

—Kwenye picha. Weka mkia.

—Sitaki. Siwezi kukukata miguu juu ya kamati.

—Sumaili, sikiliza. Mwanamke wamemukatalia komini. Wamemukatalia kwa sheikh. Wamemukatalia Karavia. Samaki ndiye wanamutaka. Mimi nataka nibaki hapa, hata ukutani. Weka.

—Analyn, tafazali.

—Nitakaa hapa uone vizuri. Anza.

Akarudi kwenye kiti. Sumaili alichukua brashi, akaiweka chini, akaichukua tena. Alianza kwenye vidole. Rangi ya kijani ilifunika kidole kimoja kimoja, halafu kisigino, halafu kifundo. Alikuwa anachora na kamasi zinamtoka, hafuti. Analyn alimwangalia bila kusogea, na kila saa akawa anamwambia: vizuri, endelea, iko vizuri.

Akaondoka tarehe ishirini na nane. Mama Djamila alimfungia bukari, ugali wa kwao, baridi kwenye mfuko, akakataa kwenda uwanja wa ndege. Alisema eda inaendelea, na yeye anahesabu siku, na hakuna mtu aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia anahesabu bure.

Jumamosi maonyesho yalifunguliwa. Picha ya Sumaili ilikuwa ukuta wa mbele, kama walivyoahidi. Watu walijaa mbele yake na glasi za jus.

—Mamba muntu ya kweli!

—Angalia macho. Hii ndiyo Kongo yetu, hii.

—Artiste ni nani? Sumaili? Hongera, ndugu. Huyu ulimuota ao ulimuona?

—Nilimuona, akajibu Sumaili.

Wakacheka, wakampigapiga bega. Madame Abigaïl alikuwa anampungia mkono aje apigwe picha na wakubwa, ndipo simu ikaleta ujumbe. Akasogea dirishani kusoma.

"Nimefika salama. Mama amekuja kunipokea na watu wa parokia, sikuwa na nguvu ya kugombana. Kuna kazi ya maabara naomba hapa. Nimejaza fomu. Wameuliza kama nimeolewa. Nimeandika ndiyo. Hawakuuliza na nani."

Sumaili alisoma mara tatu. Madame Abigaïl aliita tena, akamwonyesha kiganja asubiri. Akaandika kwa kidole kilichokuwa bado na rangi kwenye ukucha:

"Umeandika kweli, bibi yangu."