Ua wa Wifi

Kila asubuhi mshonaji alipofungua dirisha, macho yake yalivuka barabara yenyewe. Ng'ambo kulikuwa na ua wa miberoshi wa wifi yake, dada wa mumewe. Ulikuwa wa kijani kibichi, umeshonana vizuri. Ua wake yeye ulikuwa na miti kumi na miwili iliyobanana, yote imepauka. Vumbi la barabarani lilipenya humo kama mgeni aliyekaribishwa, likatua kwenye nguo za wateja.

"Dada ana mkono wa baraka," mume alisema akinywa chai.

"Basi kanywe chai kwake!"

Siku hiyo wivu ulimchoma. Alichukua mkasi mkubwa, akaikata miti yake ifanane na ya wifi. Alikata ndani, mpaka kwenye matawi makavu. Kisha akamwaga maji, ndoo kwa ndoo.

Mwezi ulipita. Hakikuchipua kitu.

"Ameniroga huyu," alinong'ona.

Siku mteja aliporudisha gauni jeupe lililojaa vumbi, mshonaji alimeza kiburi, akavuka barabara. Wifi alikuja na sepetu. Akachimba kando ya shina, akanusa udongo.

"Wifi, unamwagilia mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni."

"Mizizi inaoza. Mberoshi unataka jua, na udongo usiotuamisha maji. Mche ukiwa bado mdogo, mwagilia shinani, maji yazame. Kisha ngoja udongo wa juu ukauke."

"Na matawi?"

"Tawi lisilo na majani halichipui tena. Punguza ncha za kijani tu, kidogo kidogo." Wifi akamtazama. "Mbona hukuniuliza mapema?"

"Nilikuonea kijicho."

Wifi akacheka mpaka akaegemea sepetu. "Ua wangu wa kwanza ulikufa wote! Hukuuona, ulikuwa hujaolewa."

Waling'oa minane iliyokufa, wakaacha minne iliyobakiza majani. Wakainua udongo kuwa tuta ili maji yasituame, wakapanda miche mipya, hatua ndefu kati ya mche na mche. Wakatandaza nyasi kavu, bila kugusa shina.

Baada ya misimu mitatu ya mvua, ua ulimfika mshonaji mabegani. Nguo zilibaki safi.

"Nani fundi wa ua huu?" mteja mmoja aliuliza.

Mshonaji alitazama ng'ambo ya barabara.

"Wifi yangu alinifundisha," alisema hatimaye. Kisha akaongeza upesi, "Lakini kupogoa, napogoa mwenyewe!"