Usilitaje Jina Langu

—Wapendwa, nimesimama nitubu.

Nereah alikuwa amempakata mtoto aliyesinzia. Akainua kichwa, akatabasamu. Aliyesimama alikuwa Emong, kijana wa hapo Molo, mwimbishaji wa kambi. Akisimama yeye, watoto wote huchangamka.

—Jana jioni, huko kisimani, mimi nilikumbatia dada Nereah. Moyo yangu ilikuwa na tamaa. Lakini Bwana amenisamehe!

—Bwana asifiwe! wakaitikia wakubwa.

Nereah akainamisha uso juu ya mtoto. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Agosti ile ya 1964 alikuwa amevuka mpaka kutoka Busia, upande wa Kenya, akaja Molo hii ya Uganda kujitolea katika kambi ya watoto ya kanisa. Aliwaogesha wadogo, akawapa uji, akawafundisha Biblia. Asubuhi hiyohiyo somo lake lilikuwa kusema kweli. Haya, kweli ndiyo hiyo, imesemwa mbele ya wanafunzi wake.

Kwa walokole wa siku zile, dhambi ya siri ilikuwa jipu, na jipu hutumbuliwa hadharani. Sawa. Lakini jipu hili lilikuwa la watu wawili, na Emong hakumwuliza mwenzake.

Mwinjilisti Phanuel, mkuu wa kambi, hakuchelewa.

—Dada, funga mizigo yako. Wazazi walituamini.

—Na yeye?

—Yeye ametubu.

Emong akamfuata mpaka barabarani, amembebea sanduku kwenye baiskeli.

—Nereah, mimi nakupenda. Nilitaka tuanze safi, bila siri. Sasa nakuja kwa baba yako, naleta posa.

—Kumbe njia ya kwa baba unaijua! Si ungeanzia huko?

—Nisamehe.

—Mungu umemwomba msamaha mbele ya kambi nzima. Mimi unaniomba hapa vichakani. Sikia, Emong. Usikanyage kwetu. Na usilitaje tena jina langu mbele ya watu. Kamwe!

—Nimesikia.

—Sema ndiyo!

—Ndiyo. Na ndiyo yangu ni ndiyo.

Basi lilipoondoka, Nereah alikuwa ameshaanza kujuta, ila kiburi kilimkaza shingo asigeuke nyuma.

Ulimi hauna mfupa. Kumbatio lile lilipofika Tororo lilikuwa busu. Lilipovuka mpaka likawa mimba. Mzee Wanjala, baba yake, akaacha hata kwenda kanisani kwa aibu.

—Baba, mimi sina mimba.

—Najua, mama. Watu ndio hawajui. Rasto ameleta posa. Amefiwa na mke, ni mpole, ana biashara yake ya samaki wa Majanji, kule ziwani. Hakuuliza hata neno moja.

Nereah alitaka kusema kwamba yuko mwingine moyoni.

—Sawa, baba, akasema.

Wiki ya harusi Nereah alimfuata sokoni Mama Akwi, muuza mtama aliyevuka mpaka kutoka Molo.

—Mama, ukimwona Emong, mwambie naolewa Jumamosi, kanisani kwetu.

—Namwambia hivyo tu?

—Hivyo tu.

—Mtoto, kama unataka akuje akuchukue, sema.

—Nimesema hivyo tu, Mama Akwi!

Jamani! Mtu anazama, anaomba kamba kwa kukohoa.

Jumamosi ikafika. Pasta akauliza kama yupo mwenye neno la kuzuia ndoa ile, aseme sasa au anyamaze daima. Nereah akageuka. Emong alikuwa amesimama mlangoni, shati lake la kambini limejaa vumbi la safari.

Sema! Nereah alimsihi moyoni. Kule Molo ulisema bila kuulizwa. Leo umeulizwa, sema!

Emong akafungua mdomo. Kisha akainamisha kichwa.

—Nereah, wamkubali Rasto awe mume wako? pasta akauliza.

Nereah naye mdomo alikuwa nao. Akamtazama baba yake, ambaye leo alikuwa amerudi kanisani na kuketi mbele, kichwa juu.

—Ndiyo.

Nje, watu walipanga mstari kuwapa mkono maharusi. Rasto alikuwa amegeukia wazee wake. Zamu ya Emong ikafika.

—Hongera, dada.

—Kwa nini ulinyamaza? Nereah akanong'ona.

—Wewe ulinikataza.

—Sasa ulikuja kufanya nini?

—Nilifikiri leo wewe utasema.

Akauachia mkono wake, akaifuata baiskeli yake. Machozi yakamtoka Nereah. Wanawake wakadhani ni ya furaha, wakapiga vigelegele. Rasto akarudi, akamfuta shavu kwa leso, taratibu.

—Nani yule, mama?

—Mwenzangu wa kambini, huko Molo, akajibu Nereah. Tulikuwa tunawafundisha watoto kusema kweli.